Darsa ya Falaki: Je, Ardhi Yaenda au Imetulia?

 

Ndugu zetu wasomaji, darsa ya leo imetokana na suali. Katika mwezi wa Mei, baada ya sala ya Isha, alitujia mzee mmoja wa mtaa wetu ameshika mkono wa mwanawe, kijana wa miaka 13. Mzee akasema: "Maalim, huyu amerudi skuli akaniambia kwamba ardhi yazunguka na jua limesimama. Nimemwambia kuwa maneno hayo ni kinyume cha dini, naye amenijibu kwamba mwalimu wake amemwonyesha kwa hesabu. Nataka mumwambie mbele yangu: skuli ile au dini yake, achague moja." Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, hakusema neno.

Hatukuliona suali hili kuwa jambo dogo. Kijana yule akichagua skuli, ataondoka akiamini kwamba dini ya baba zake haistahimili hesabu ya watoto. Akiiacha skuli, atakuwa amefungiwa mlango wa elimu kwa jina la dini ambayo imewaamrisha watu wake wasome. Mji wetu umekwisha kupata khasara ya namna zote mbili, na kila msomaji aweza kuwahesabu vijana wa namna hizo katika mtaa wake. Basi tuliwaomba baba na mwana watupe muda mpaka tarehe 28 ya mwezi ule, waje uwanjani kabla ya saa 6 na robo ya mchana. Sababu ya kuchagua siku hiyo na saa hiyo itaonekana mwisho wa darsa. Na katika siku zilizobaki tukawasomesha, kidogo kidogo, haya tunayoyaandika hapa.

Yanayoonekana na yaliyopo

Kila mtu huliona jua likitoka mashariki na kutua magharibi, wala hapana anayekanusha kuwa macho yaona hivyo. Lakini aliyepanda jahazi likatoka bandarini taratibu, bahari imetulia, huuona mnara wa msikiti ukirudi nyuma na minazi ya pwani ikimpita. Hasemi kwamba mnara umeng'oka. Jicho limemwambia kweli kwamba yeye na mnara waachana. Lakini ni yupi anayekwenda, hilo jicho peke yake haliwezi kumwambia. Lataka ushahidi mwingine.

Wanafalaki wamelitafuta jambo hili kwa ushahidi mwingi, nao umewafikisha hapa: ardhi ni tufe lenye upana wa kilomita 12,742, nalo lajizungusha lenyewe kutoka magharibi kwenda mashariki mara moja kila siku. Upande uliolielekea jua ni mchana, na upande ulioligeuzia mgongo ni usiku. Mtu aliyesimama kwenye msitari wa istiwai huchukuliwa na mzunguko huo kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa.

Mzee alituuliza hapa: "Kama twaenda mbio hivyo, mbona hatuanguki, wala upepo wake hatuusikii?" Suali lake ni zuri, na wenye akili kubwa waliuliza hilo hilo zamani. Jawabu ni kwamba mwili wa mwanadamu hausikii mwendo, husikia mabadiliko ya mwendo. Aliye ndani ya garimoshi linalokwenda sawasawa humimina chai kikombeni kama aliye nyumbani. Litakapofunga breki ndipo chai humwagika. Ardhi haifungi breki. Hewa, bahari, nyumba na sisi wenyewe twachukuliwa pamoja kwa mwendo mmoja, basi hapana kinachotupiga usoni.

Na ushahidi wa mzunguko huu umeonekana kwa macho. Mwaka 1851 Mfaransa aitwaye Foucault alitundika timazi zito kwa waya wa mita 67 ndani ya jengo la Panthéon mjini Paris, akaliacha libembee. Timazi likabembea, na saa zilivyopita watu wakauona msitari wake ukigeuka juu ya sakafu. Hapana aliyeligusa timazi. Iliyogeuka ni sakafu, pamoja na jengo na mji na ardhi yote iliyo chini yake.

Ndugu zetu wa Malindi wana jambo la kukumbuka hapa. Katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya mji wao, Wataliana walisimamisha jukwaa juu ya bahari wakaliita San Marco, na baina ya miaka 1967 na 1988 satelaiti zilirushwa kutoka pale. Kwa nini waje hata pwani yetu? Kwa sababu pale ni karibu na istiwai, na chombo kinachorushwa kuelekea mashariki hupewa bure ile kasi ya mzunguko wa ardhi, ambayo kwenye istiwai ni kubwa kuliko mahali pengine pote. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kukumbuka uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka jukwaa hilo satelaiti ya Wamarekani, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ndiyo satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchungua miale ya eksirei itokayo nyotani. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu, lakini elimu ilikuwa ya wengine. Hatuwalaumu wao kwa kuwa nayo. Twajiuliza ni wangapi katika wana wetu waliosomeshwa wakajua kilichokuwa kikipita juu ya mitumbwi ya baba zao.

Mombasa na Makka

Msomaji akitazama ramani ataona jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii: Mombasa na Makka ziko karibu sana juu ya msitari mmoja wa kaskazini na kusini. Ndiyo maana anayesali Mombasa huelekea kaskazini. Kwa hiyo jua hufika katikati ya mbingu katika miji yote miwili takriban kwa wakati mmoja, na tafauti yake haitimii dakika moja. Na kwa kuwa saa zetu na za Makka ni moja, Adhuhuri yetu ni Adhuhuri yao.

Sasa tazama Magharibi. Katika siku za mwisho wa Juni, jua hutua Mombasa yapata saa 12 na dakika 20, na Makka hutua baada ya saa 1 ya usiku. Sisi twatangulia kufungua saumu kwa kadiri ya robo tatu ya saa. Katika siku za mwisho wa Desemba mambo hupinduka: wao ndio wanaotangulia, tena kwa kadiri ile ile. Na mwezi wa Machi na wa Septemba, mchana na usiku unapolingana, miji miwili hii hukaribia kupata Magharibi pamoja.

Lau ardhi ingekuwa bapa kama sinia, na jua likapita juu yake, jambo hili lisingekuwa na maelezo. Lakini ukiijua ardhi kuwa ni tufe, na mhimili wake umeinama kwa daraja 23 na nusu, maelezo ni mepesi. Mwezi wa Juni upande wa kaskazini umeinamia jua, na Makka iliyo daraja 21 na zaidi kaskazini ya istiwai hupata mchana wa saa 13 na dakika 20 na kitu. Mombasa, iliyo daraja 4 tu kusini ya istiwai, haibadiliki sana: baina ya mchana wetu mrefu kabisa na mfupi kabisa tafauti haizidi nusu saa. Basi jadweli ya sala iliyotundikwa ukutani mwa kila msikiti ni ushahidi wa umbo la ardhi, nasi twaisoma kila siku bila ya kuujua.

Mwaka na majira

Mwendo wa pili wa ardhi ni kulizunguka jua. Njia yake iko mbali na jua kwa kadiri ya kilomita milioni 150. Nuru yenyewe, ambayo hapana chenye mbio kuliko hiyo, huchukua dakika 8 na sekunde 20 kutufikia kutoka huko. Ardhi hupita katika njia hiyo kwa mwendo wa kilomita 30 kwa kila sekunde, na huimaliza kwa siku 365 na karibu robo siku.

Wengi hudhani kwamba joto huja kwa kuwa jua limekaribia. Sivyo. Ardhi huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati watu wa Ulaya wanapotetemeka kwa baridi. Majira huletwa na ule mwinamo wa mhimili. Sisi watu wa pwani twaujua mwinamo huo kwa majina ya pepo zetu. Jua linapokuwa kusini, bara la Asia hupoa na hewa yake hushuka kuja kwetu, nayo ndiyo kaskazi iliyoyaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Jua linapokwenda kaskazini, bara lile huwaka moto, hewa yake hupanda, na upepo wa kusi huvuta kutoka kwetu kwenda huko. Wazee wetu waliohesabu mwaka kwa miongo, kuanzia Nairuzi, walikuwa wakiuhesabu mwendo huu wa ardhi kulizunguka jua, kwani mwaka wa mwezi una siku 354 tu, na nahodha hawezi kuutumia kuujua upepo. Hesabu ile ni elimu. Mambo ya ushirikina yaliyokuja kuambatishwa nayo ni kitu kingine.

Mtu akiuliza ushahidi wa mwendo huu wa pili, na atazame Kilimia. Katika miezi ya kaskazi nyota zile huonekana vizuri usiku. Mwezi wa Mei hazionekani kabisa, kwa sababu zimekuwa nyuma ya jua. Jua limesimama baina yetu na nyota hizi leo, na baina yetu na nyota zile kesho, kama mtu anayezunguka nguzo ya msikiti huiona ikiziba dirisha moja baada ya jingine. Na mwaka 1838 Mjerumani Bessel alifaulu kupima jinsi nyota moja ilivyoonekana kusogea kidogo mno mbele ya nyota za mbali, ikaenda na kurudi kwa muda wa mwaka mmoja. Kusogea huko kwatokana na sisi kuhama mahali petu.

Kinachozishika sayari

Kijana naye alikuwa na suali lake: "Ni kitu gani kinachoishika ardhi isiende zake?" Tukamwambia achukue jiwe, alifunge uzi, alizungushe. Jiwe lataka kwenda moja kwa moja, uzi walivuta ndani, na baina ya mawili hayo latokea duara. Ukikatika uzi, jiwe huruka. Baina ya jua na ardhi hapana uzi, lakini mna mvutano: kila kitu chenye uzito huvuta kila kitu kingine, na mvutano hupungua kadiri vitu vinavyoachana. Mwingereza Newton aliiandika kanuni hii mwaka 1687. Uzuri wake ni kwamba nguvu inayoiangusha nazi kutoka mnazini ndiyo ile ile inayoushika mwezi usitukimbie.

Jua limekusanya zaidi ya sehemu 99 katika kila sehemu 100 za uzito wote wa jamaa yake, kwa hiyo ndilo linaloshika wote. Sayari zinazolizunguka ni 8, kutoka ya karibu hata ya mbali: Utaridi, Zuhura, Ardhi, Mirihi, Mushtara, Zuhali, Uranusi na Neptuni. Pluto ilihesabiwa sayari ya tisa tangu mwaka 1930 mpaka 2006, kisha wanafalaki wakaiweka katika fungu la vitu vidogo. Utaridi humaliza mwaka wake kwa siku 88, na Neptuni kwa kadiri ya miaka 165 yetu. Neptuni haikugunduliwa kwa kubahatisha: Uranusi ilionekana ikipotoka kidogo katika njia yake, Mfaransa Le Verrier akafanya hesabu ya kitu kinachoivuta, na mwaka 1846 mpimaji wa Berlin alipoelekeza darubini mahali alipoambiwa, akaikuta.

Ili kuyapima masafa haya kwa akili, weka dafu la upana wa sentimita 20 katikati ya uwanja, uliite jua. Ardhi itakuwa punje ya ulezi iliyo mbali na dafu kwa mita 21 na nusu. Mwezi utakuwa chembe iliyo karibu na punje hiyo kwa upana wa vidole vitatu. Na Neptuni itakuwa mbali kwa mita 650 hivi. Vyote vilivyobaki katikati ni uwazi.

Mwezi, bamvua na kupatwa

Mwezi uko mbali nasi kwa wastani wa kilomita 384,400, nao hauna nuru yake. Huangazwa na jua. Kutoka mwandamo mmoja hata mwingine ni siku 29 na nusu na kidogo, ndiyo maana miezi yetu huwa ya siku 29 au 30.

Mvutano wa mwezi ndio unaoleta maji kujaa na kupwa. Maji yaliyo upande wa mwezi huvutwa zaidi kuliko kiini cha ardhi, na kiini huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa pili. Basi bahari hutuna pande zote mbili, na ardhi ikizunguka twapata maji kujaa mara mbili. Kwa kuwa mwezi nao wasonga mbele, kila siku maji huchelewa kadiri ya dakika 50. Jua pia huvuta, ingawa nguvu yake katika jambo hili haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokamilika, viwili hivi huvuta kwa msitari mmoja, na kwa siku hizo hupatikana bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, nayo ndiyo maji mafu. Mvuvi wetu anayejua bamvua kwa tarehe za Kiislamu amejua natija ya elimu hii; sababu yake ndiyo aliyokuwa hakuambiwa.

Sababu hii ndiyo inayoeleza na kupatwa. Jua haliwezi kupatwa ila mwisho wa mwezi, wakati mwezi unapopita baina yetu na jua. Mwezi hauwezi kupatwa ila katikati ya mwezi, wakati ardhi inapotia kivuli chake juu yake. Haiwi kila mwezi, kwa kuwa njia ya mwezi imeinama kwa daraja 5, na aghalabu kivuli hupita juu au chini. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa lote katika sehemu za Turkana, na hapa pwani likapatwa sehemu. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, katikati ya Mfunguo Sita, mwezi ulipatwa wote kuanzia saa 2 na nusu kwa muda wa dakika 82, ukawa mwekundu kwa nuru kidogo iliyopinda katika hewa ya ardhi. Na wanafalaki wamekwisha kuandika kwamba tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitapita juu ya Makka yenyewe. Jambo linalojulikana kwa dakika yake kabla ya miaka mingi si joka linalomeza mwezi, wala halifukuzwi kwa kupiga makopo.

Na sisi Waislamu tulikuwa wa kwanza kupaswa kuyajua haya. Mwana wa Mtume (S.A.W.), Ibrahim, alipofariki dunia, jua lilipatwa, na hesabu za wanafalaki zaonyesha kupatwa kwa jua Madina tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema kwamba jua limeshikwa kwa huzuni ya msiba ule. Mtume alikuwa na kila sababu ya kibinadamu ya kuyaacha maneno hayo yapite. Lakini aliwakanya, akawafahamisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na kwamba wakiona hivyo wasali. Mtu aliyefiwa na mwanawe hakukubali uzushi hata ulipomtukuza mwanawe. Huo ndio msingi wetu.

Falaki si unajimu

Kwa ajili hiyo hatuna budi kutenga vitu viwili vinavyochanganywa. Falaki hupima, huhesabu, na husema jambo litakalotokea siku fulani. Likikosa kutokea, hesabu hutupwa. Unajimu huchukua herufi za jina la mtu na la mama yake, humtafutia nyota, kisha humwambia asioe au asisafiri. Likikosa kutokea, husemwa kuwa hakutoa sadaka vya kutosha. Mirihi hata inapokuwa karibu kabisa nasi iko mbali kwa zaidi ya kilomita milioni 54, na mvutano wake juu ya mtoto mchanga ni mdogo kuliko wa mkunga aliyempakata. Ni ajabu kuu kwamba katika miji yetu anayefundisha falaki huambiwa amekufuru, na anayepigia watu nyota hulipwa.

Elimu hii haikutoka nje ya nyumba yetu

Mzee alidhani kwamba maneno haya ni ya Wazungu. Tulimwambia kwamba Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala baina ya miaka 813 na 833, aliwatuma watu katika uwanda wa Sinjar wakapime urefu wa daraja moja ya ardhi. Al-Battani, aliyefariki mwaka 929, aliupima mwaka wa jua akakosea kwa dakika zisizotimia tatu. Al-Biruni alipima ukubwa wa ardhi kwa mlima mmoja, na akalijadili suali la mzunguko wa ardhi bila ya kumtoa mtu katika dini. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, kazi yake ilikuwa kuweka nyakati za sala katika msikiti mkuu wa Damascus, na mfano alioutunga wa mwendo wa mwezi ulikuja kuonekana ndani ya kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543. Hawa hawakuwa watu walioacha misikiti ili wapate elimu. Walikuwa misikitini.

Tena kijana naye alikuwa amekosea neno moja. Alisema jua limesimama. Jua halikusimama: lajizungusha lenyewe, nalo lapita pamoja na sayari zake zote katika kundi kubwa la nyota kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua zaidi ya miaka milioni 200. Basi baba aliyeshikilia kwamba jua laenda hakukosa, na mwana aliyesema ardhi yaenda hakukosa. Kilichokosekana ni kusikilizana.

Wala hatusemi kwamba Qur'ani ni kitabu cha hesabu za falaki. Hiyo ni uongofu, nayo yatuita tuzitazame mbingu na tufikiri. Nadharia za watu huja na kurekebishwa, na mwenye kuzitundika aya juu ya kila nadharia mpya atapata taabu nadharia itakapobadilika. Lakini mwenye kukataa jambo lililothibiti kwa kipimo, kisha akasema ndiyo dini, huyo ameidhulumu dini kuliko adui yake.

Kijiti cha tarehe 28 Mei

Tulitaja kwamba tuliwaita uwanjani. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 za mchana, na tena tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27, jua huwa wima juu ya Al-Kaaba, na mtu wa Makka kivuli chake humpotea. Kwa saa hiyo hiyo, popote jua linapoonekana, anayelielekea ameelekea kibla.

Tulisimamisha kijiti cha sentimita 100, tukakipima kwa timazi. Saa ilipofika, kivuli kiliangukia kusini sawasawa, na mzee mwenyewe ndiye aliyekipima kwa rula: sentimita 48 kasoro kidogo. Kijana akachora pembe tatu karatasini, akaipima pembe ya juu ya kijiti, akapata daraja 25 na nusu. Maana yake ni kwamba baina ya wima wa Makka na wima wa Mombasa pana daraja 25 na nusu katika daraja 360 za duara nzima. Masafa baina ya miji miwili hii ni kadiri ya kilomita 2,820. Akagawanya 360 kwa 25 na nusu, akazidisha kwa 2,820, akapata kilomita 39,812. Mzunguko wa ardhi uliopimwa kwa vyombo bora ni kilomita 40,000. Kijana wa miaka 13 ameipima dunia kwa kijiti, na alichokitumia ni kibla chake.

Mzee alikaa kitambo akikitazama kijiti, na kivuli kilikuwa kimekwisha kuanza kuhama. Hakutuambia kwamba amekubali kila tulilomsomesha, nasi hatukumtaka aseme. Alimwambia mwanawe aikunje ile karatasi vizuri, aipeleke kesho kwa mwalimu wake.

Masuali ya kujaribu nyumbani

1. Simamisha kijiti tarehe 15 au 16 Julai kwa saa tuliyoitaja. Kivuli chake ni sawa na cha Mei? Kwa nini?
2. Andika saa ya maji kujaa kwa siku saba mfululizo. Yamechelewa dakika ngapi kila siku?
3. Mtu akikwambia kwamba jua lilipatwa tarehe 10 ya mwezi wa Kiislamu, utamjibu nini?

Tahadhari: msilitazame jua kwa macho matupu, wakati wa kupatwa wala wakati mwingine, tazameni kivuli chake. Wabillahi tawfiq.